Lebo za Ndama Wawili

Kwenye benchi la kahawa walikuwepo Bucha, muuza nyama, aproni ingali kiunoni. Cherehani, fundi wa nguo, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni. Muuza Kahawa na birika lake. Na Mzee Lebo, mstaafu wa maabara ya mifugo. Kwa miaka thelathini alikata matumbo ya ndama vipande vyembamba kuliko karatasi, akavilaza juu ya vioo, kila kioo na lebo yake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeufuta mtaa, benchi likawa kama linaelea.

— Hebu turudie, Mzee. Utumboni mwa ndama mna nini? aliuliza Bucha.

— Mna seli zinazotoa homoni. Zimekaa mojamoja, zimetawanyika. Maziwa yakipita zinayaonja, kisha zinatia habari kwenye damu. Ukizipaka dawa yenye madini ya fedha zinakuwa nyeusi.

— Kumbe mimi kutwa nakata nyaya za simu!

— Za ng'ombe, Bwana Bucha.

— Mimi nasema ndizo zinazoota, alisema Cherehani. Ndama akilala, masikio yakamcheza, ujue utumbo unamsimulia habari za mama yake.

— Basi mvua nayo zinaijua kabla yetu, alidakia Muuza Kahawa. Na njia ya nyumbani pia.

Wakacheka. Mzee Lebo hakucheka. Alikuwa akiziona tena chini ya darubini, nukta nyeusi zikimtazama kimya kimya, kama nyota zilizogeuzwa rangi.

— Ndama mmoja alikuwa amenyonya, alisema taratibu. Mwingine bado. Nikabadilisha lebo zao kwa makosa. Niligundua jioni ileile, nikanyamaza. Daktari, mkuu wangu wa maabara, akaandika kitabu kizima kilichojengwa juu ya kosa langu bila kujua.

Kikombe cha Bucha kikasimama hewani.

— Lini hiyo?

— Miaka ishirini na sita iliyopita.

— Na Daktari yupo?

— Yupo, anakaa nyuma ya shule. Kila Ijumaa nakwenda kumjulia hali. Tunaongea, narudi na siri yangu moyoni.

— Unaogopa nini, Mzee wangu? Cherehani alimshika bega.

— Ananiita mtu asiyekosea.

— Nyanyuka ukamwambie, alisema Bucha. Tunakusindikiza sasa hivi.

Mzee Lebo akafunga kifungo cha juu cha koti. Wote wanne walikuwa wamesimama binti wa Daktari alipotokea ukunguni.

— Shikamooni. Mnakwenda wapi?

— Marahaba, mwanangu. Kwa baba yako. Nina neno naye.

— Baba amefariki leo, saa kumi na moja alfajiri.