Mke Amebaki Lushoto

Benchi la kijiwe chetu, hapa Bagamoyo, limeegemea ukuta wa nyumba yangu, kwa hiyo nasikia kila kitu, nitake nisitake. Mimi nauza kahawa na kashata. Wao wananunua kidogo na kusema sana. Jana baada ya alasiri walikuwa watatu. Msabaha fundi baiskeli, tunayemwita Wakili kwa kuwa hakubali kushindwa. Abuu muuza maji, jina lake la kijiweni Redio. Katikati yao Mzee Mwinyijuma, aliyeisifu Lushoto juu ya benchi hilo hilo miaka na miaka. Alipostaafu alipangisha nyumba yake ya hapa, akapanga nyingine kule milimani, akahamia na mkewe, Bi Fatu. Haukupita mwezi, karudi peke yake na begi.

— Nilimwambia, mke wangu, huku kuzuri lakini kumezidi, — alisema Mzee. — Isha ikishaswaliwa kila mtu kajifungia. Utamsalimia nani, ukungu? Tushuke.

— Akasemaje? — akauliza Wakili.

— "Safari njema. Ukifika nisalimie mashoga zangu."

Redio akaguna.

— Hiyo baridi, mzee. Damu ya pwani ikipoa inakuwa nzito, mtu hainuki. Lakini usihofu. Mpanda ngazi hushuka.

— Huyu hashuki. Kapanda kabichi.

— Kabichi! — Wakili akajipiga goti. — Mtu akipanda kabichi kakusudia! Mzee, mkeo kasusa. Na kususa kuna taratibu zake. Mume anatuma wazee, doti ya khanga mkononi, mke anabembelezwa, anarudi. Mimi nakwenda. Nauli juu yako.

— Ngoja kwanza, — Redio akadakia. — Kule alinunua nguo yoyote?

— Sweta. La mtumba. Halivui hata akipika.

— Kikulacho ki nguoni mwako! Hilo sweta limesomewa. Mji kimya ule, watu hawautoshi, sasa unavuta wa pwani. Kwanza sweta, kisha buti, mwisho unasahau samaki.

— Kasahau kweli, — Mzee akasema kwa unyonge. — Maharage, maharage, maharage, na yeye anacheka.

— Basi dawa ninayo. Wakili anabembeleza kwa mbele, mimi nalikata sweta kwa nyuma.

Nilikuwa napuliza mkaa. Nikawaambia Bi Fatu kila Ramadhani amepika futari ya benchi hili zima, wamwache ale maharage yake. Hawakusikia, au walijifanya.

Hapo akaja Feisal, kijana aliyepanga ile nyumba ya Mzee. Bado mgeni mtaani, hata jina la utani hajapewa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Nikammiminia kahawa.

— Mzee, nilidhani umeshahama. Unalala wapi siku hizi?

— Kwa dada yangu.

— Na mama?

— Yupo nyumbani. Lushoto.

Wakili akamweleza shauri lote: kususa, wazee, khanga, na mkasi wa Redio. Kijana akasikiliza huku akipuliza kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Mwenye kususa si yule anayetoka nyumbani kwake, akarudi kwa ndugu zake?

— Ndiye huyo huyo! — akasema Wakili.

— Sasa hapa aliyesusa nani?

Wakili akaliona begi la Mzee chini ya benchi, akalisukuma ndani zaidi kwa mguu. Redio, ambaye hata msibani hanyamazi, alijaza kashata mdomoni.

Mzee akanisogezea kikombe.

— Mama Maram, nimiminie.

— Imekwisha.

Nikaliinamisha dele aone mwenyewe.

— Basi Bi Fatu ndiye atume wazee, — Redio akanong'ona baada ya kumeza. — Na msuli mpya mkononi, badala ya khanga.

— Nyamaza wewe! — Mzee akasema, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Akainuka, akalivuta begi lake. — Mama Maram, nifungie kashata, Fatu anazipenda. Na ninyi, mabasi ya Lushoto yanapita Msata saa ngapi?

Hilo walilijua. Walijibu kwa mkupuo mmoja, kila mtu na saa yake.