Yeh Pi-hsia: Mfalme wa Jukwaani, Mke wa Nyumba

Marehemu Yeh Pi-hsia alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 mjini Puzi, wilaya ya Chiayi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Yeh Tien-fu, muuza maziwa ya soya, na mkewe Lin Hua. Juma hili huko Puzi imesemwa kwamba alikuwa binti aliyekosa mume, akazeekea barabarani akirukaruka na wavulana waliovaa magauni. Wasifu huu umeandikwa ili asizikwe na uongo huo kifuani.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale Puzi hadi darasa la sita. Hapo baba yake akamtoa kwa kikundi cha maigizo ya kuimba, kwa kuwa mdogo wake wa kiume, Chin-tsai, ndiye aliyepaswa kuendelea na masomo. Chin-tsai alisoma hadi akapata kiti ofisini. Pi-hsia alisomea kusimama kichwa chini, kushika upanga, na kutembea kama mtu ambaye baba yake ana ufalme. Katika maigizo yale wafalme na majemadari huchezwa na wanawake. Yeye alikuwa na mabega na sauti ya kifalme, na kufikia mwaka 1974 hapakuwa na uwanja wa hekalu kati ya Chiayi na Tainan ambao haukumjua.

Siku moja kikundi kilicheza Puzi katika sikukuu ya mungu wa kike wa bahari. Mzee Tien-fu alikuwa hajamwona binti yake kwa miaka mingi. Alikaa mbele, akatazama mpaka mwisho, kisha akamwambia mkewe, "Kijana yule ana adabu. Ningekuwa na binti wa kuozesha, ningempa yeye."

Mama Lin alikuwa akimenya karanga. "Binti unaye," alisema. "Ndiye yule."

 Tangu siku hiyo, kila kikundi kilipopita wilayani, mzee alipeleka ndoo ya maziwa ya soya nyuma ya jukwaa, akaiacha bila kujitambulisha.

Mwaka 1981 marehemu alikutana na Bi. Wen Shu-jung, mwalimu wa historia katika shule ya wasichana mjini Tainan. Mwalimu hakutakiwa kuonekana uwanjani, kwenye vibanda vya soseji, sembuse katika safu ya mbele. Wauzaji walimtania, "Mwalimu, leo umekuja kumwabudu mungu yupi, wa hekaluni au wa jukwaani?" Alijibu, "Yule aliyevaa vizuri zaidi." Tangu mwaka uliofuata waliishi pamoja, nyumba moja, jiko moja, kwa miaka arobaini na miwili. Kwa miaka mingi majirani waliambiwa ni binamu. Bi. Wen, aliyetoka katika ukoo wa walimu na kulichunga jina lake kama mboni ya jicho, hakuipenda kamwe ile "binamu," na anaitoa leo kwa maneno haya mbele ya watu wote kama mtu anavyotoa mwiba.

Kikundi kilivunjika mwaka 1996. Marehemu akafungua duka la kushona mavazi ya jukwaani, na hapo ndipo wavulana walipoanza kuja. Walitaka magauni. Waliimba na kucheza katika vilabu, wakiwa na kope za kubandika na viatu virefu, na mafundi wengine walikuwa wamewafukuza. Marehemu aliwapima, akawashonea, kisha akawaambia ukweli: "Gauni ni zuri, mwanangu, lakini unatembea kama mtu aliyeibiwa baiskeli. Njoo kesho nikufundishe." Mmoja wao, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Shangazi Lichi, alikuja kesho yake na hakuondoka tena.

Maandamano ya upinde wa mvua, ya watu wapendao jinsia yao, yalipofika kusini, marehemu alipanda juu ya lori mchana kweupe akiwa na taji, ndevu na joho la dhahabu. Mbele yake Lichi na wenzake walicheza katika hariri ya rangi zote, ngoma na zumari za hekaluni zikipigwa sambamba na muziki wa vijana. Wazee waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara walisimama. "Si mfalme wetu yule?" alisema bibi mmoja, na akaanza kulifuata lile lori na mkokoteni wake wa mapera. Kufikia daraja, nyuma ya lori walikuwa vikongwe pekee, wakiimba nyimbo walizozijua tangu usichana wao. Marehemu aliwahi kusema kwamba hakuna mfalme aliyetawala watu wenye furaha kama wale. Hiyo ndiyo inayoitwa aibu huko Puzi.

Mzee Tien-fu alipofariki mwaka 2004, Chin-tsai alikodi lori lenye taa, kama desturi ya huku, na wasichana wenye sketi fupi wakacheza mbele ya jeneza kutwa nzima. Alikodi pia mwanamke wa kulia kwa kipaza sauti. Hakuna aliyesema jina la Yeh limechafuka. Lakini vijana aliowalea marehemu, ambao hawakukodiwa na mtu, waliambiwa juma hili wasikaribie jeneza na poda zao.

Marehemu na Bi. Wen walifunga ndoa tarehe 24 Mei 2019, siku ya kwanza sheria iliporuhusu. Nje ya ofisi Lichi alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika. Bibi wa mapera alikuwepo. "Na aoe," alisema, "tumengoja vya kutosha."

Mwaka 2008 marehemu alipopasuliwa, Bi. Wen aliwekwa nje ya mlango mpaka jioni, akingoja ndugu wa damu aje kutoka Puzi kutia sahihi. Saratani ya kongosho ilipogunduliwa Novemba 2022, Bi. Wen alitia sahihi mwenyewe, kila mahali, kwa herufi zinazosomeka. Marehemu aliugulia nyumbani, akisahihisha mwendo wa vijana kutoka kitandani, na alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Kesho yake Bw. Chin-tsai alifika na shangazi yao mkubwa, mwenye miaka tisini na moja. Alisema dada yake hakuolewa. Binti asiyeolewa hana nafasi katika madhabahu ya ukoo, kwa hiyo kibao cha jina lake, ambamo roho ya marehemu hukaa na kuheshimiwa, kingepelekwa katika hekalu la mabinti waliokufa bila waume, kikae huko kati ya wageni. Bi. Wen alimmiminia chai. Ndani, Lichi alikuwa akimpaka marehemu wanja wa kifalme.

Kisha Bw. Chin-tsai akasikia kwamba Bi. Wen atatembea mbele ya jeneza.

"Hilo haliwezekani," alisema. "Mke haendi makaburini, Mwalimu. Anayemsindikiza mwenzake kaburini anataka kuolewa tena. Wazee watatusema."

Lichi alitoka, brashi mkononi. "Amesema nani haendi?"

"Rudia, shemeji," alisema Bi. Wen.

Bw. Chin-tsai alitazama kikombe chake.

"Rudia," alisema tena Bi. Wen. "Miaka arobaini na miwili nimekuwa binamu, nimekuwa mpangaji, nimekuwa rafiki wa dada. Leo unataka kunizuia kumzika, na desturi uliyoiona inafaa ni ya mke. Chagua. Kama si mke, nitatembea mbele hadi kaburini. Kama ni mke, basi dada yako naye ana ndoa, na kibao cha mwenye ndoa hukaa wapi?"

Ni shangazi aliyejibu. "Hukaa nyumbani kwake," alisema. "Umekwisha sema mwenyewe, Chin-tsai. Kunywa chai yako."

Marehemu ameacha mke, Wen Shu-jung. Mdogo wake, Yeh Chin-tsai. Binti wa mdogo wake, Yeh Yu-hsuan, anayesoma maneno haya. Na wanawe wa jukwaani, ambao leo wamelibeba jeneza wakiwa wamevaa kama alivyowafundisha.

Mtu asiulize kwa nini Bi. Wen hayupo hapa kaburini. Hayupo kwa kuwa ni mke. Amebaki nyumbani, mlango wazi, madhabahu imefutwa vumbi, akimngoja Yu-hsuan amrudishie kibao.

Mfalme, lala salama. Jina lako linarudi nyumbani.