Moshi wa Waya Ulioniharibu Uso

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu. Mnivumilie, maana kusimama mahali ambapo kila mtu ananitazama usoni ndilo jambo nililoliogopa kuliko njaa.

Wengi wenu mlinijua nikiimba kwaya hapa, halafu nikapotea. Leo nawaambia nilikopotelea.

Mume wangu aliachishwa kazi kiwandani mimi nikiwa na mtoto mchanga. Alitafuta kibarua mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe tukaanza kuokota waya za umeme zilizotupwa, tukawa tunazichoma nyuma ya ploti tuliyopanga kule Kayole ili plastiki iungue, ibaki shaba ya kuwauzia wanunuzi wa vyuma kuukuu. Mimi ndiye niliyechochea moto, mtoto mgongoni. Moshi ule ulikuwa mweusi, unakwama kooni kama lami. Lakini tulikula. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, tulimshukuru Mungu kwa moshi ule.

Kisha uso ukaanza kuharibika. Vidoa vyeusi mashavuni na nyuma ya masikio, vikageuka vivimbe vigumu. Nilipaka shubiri, nikanunua sabuni ya dawa. Vikazidi.

Na mnajua siku hizi mtu akiharibika ngozi watu husema nini. Nilianika leso yangu kwa kamba, nikamsikia jirani akimfokea mtoto wake, "Toka hapo! Usiguse nguo ya huyo!" Huyo. Sikuwa hata na jina tena. Nikaacha kwaya, nikaacha kwenda sokoni, nikajifunika leso mpaka machoni. Mimi mwenyewe nilishaamini nina ukimwi. Nikimnyonyesha mtoto, nilikuwa nafumba macho nisimwone.

Wifi yangu anayekaa mtaa wa Mbotela ndiye aliyekuja kunitafuta.

"Wifi, ondoa hiyo leso."

"Sitaki."

"Mimi si mgeni hapa. Ondoa."

Nikaondoa. Akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, wala hakujifuta. Nililia, jamani, kwa sababu nilikuwa nimesahau mkono wa mtu ulivyo.

"Ukiwa na huo ugonjwa, bado ni wifi yangu," akasema. "Kama huna, tujue ni nini. Kesho twende hospitali, na huyu ndugu yangu, mumeo, aje pia."

Nilipimwa. Sikuwa nao. Lakini uso ulikuwa palepale, na daktari hakuniachilia. Alimwinamisha mume wangu kichwa, akamwangalia nyuma ya masikio. Vivimbe vilevile.

"Mnafanya kazi gani?"

Mume wangu akasema kwa aibu, "Tunachoma waya, daktari."

"Hizi za plastiki?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba plastiki ile ikiungua hutoa sumu nyingi, na moja huitwa dioksini. Mtu huivuta pamoja na moshi, na inabaki kwenye majivu. Kuku akidonoa pale, inaingia kwenye yai. Mwilini hujificha ndani ya mafuta kwa miaka. Ikizidi huotesha chunusi mbaya kama zetu, hudhuru ini, yaweza kuleta saratani, na humwumiza hata mtoto aliye tumboni. "Hapa hatuna mashine ya kuipima," akasema, "lakini nikitazama ngozi yenu na kazi yenu, naishuku hiyo."

"Na maziwa yangu?" nikauliza.

"Sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Hata hivyo maziwa yako bado ndiyo bora kwake, mama. Endelea kumnyonyesha. Moto ndio uuache leo."

Ndugu zangu, aibu ya uso niliweza kuifunika. Ile ya kujua kwamba mwanangu alivuta moshi ule akiwa mgongoni mwangu, hiyo sijapata leso ya kuifunika.

Tuliacha kuchoma. Majivu tukayazika mbali, mayai ya kuku wetu hatukuyala tena. Mume wangu sasa huchuna waya kwa kisu. Vidole vyake vina makovu na chakula kilipungua, lakini hatukurudi kwa moto. Dawa ya kuiondoa sumu ile hakuna. Uso ulipoa polepole, na haya mnayoyaona ndiyo makovu yake. Mtoto anatembea, anaongea kuliko mimi. Tunampeleka kliniki, na kesho yake namwachia Mungu.

Namshukuru wifi. Namshukuru daktari yule. Namshukuru mwalimu wa kwaya, aliyekuja kwangu akaniambia, "Mama, sauti haijaota chunusi. Rudi."

Wale mnaochoma waya, na najua mpo, siwahukumu, njaa naijua. Njooni kwetu, mume wangu awaonyeshe kuchuna kwa kisu. Na mkimwona jirani ameharibika uso, msimpe jina la ugonjwa, na hata kama anao, mpigieni hodi. Mlango wangu ulikaa muda mrefu bila kupigwa hodi, na mimi nilikuwa ndani, nasikiliza.