Sonara Optatus na Meza Isiyo na Mrithi

Na Mwahija Amiri, Idara ya Ushonaji

Mwalimu Optatus amefundisha usonara katika chuo chetu cha ufundi hapa Rasbura kwa miaka thelathini na miwili. Tarehe 30 Juni anastaafu, na somo lake linaondoka naye, maana mwaka huu hakuna aliyelichagua. Vijana wanataka pikipiki na kompyuta.

Alitoka kwao Rondo akijua bangili na hereni tu. Kisha chuo kikaletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, na Optatus akapatwa na ugonjwa wa kupenda nakshi za huko, ambao hajapona hadi leo. Alijifunza kwamba mafundi wa huko walinakshi panga kwa kuchanganya shaba, fedha na dhahabu kidogo. Serikali yao ilipokataza watu kutembea na panga, wakageukia vifungo na vibanio vya nywele. Wazungu wakavinunua, na masonara wa Paris na London wakajifunza humo kuchanganya rangi za madini, na kumweka panzi mmoja wa nakshi pembeni mwa pambo, kwingine kote kukaachwa kutupu. Hata wapishi wetu wanaijua hadithi hii kwa moyo.

Wajapani huipaka shaba figili iliyokunwa kabla ya kuichemsha ipate rangi. Basi Optatus akapanda tuta la figili nyuma ya karakana. Alipokwenda msibani Kitomanga, sisi tukaona mboga inazeeka bure, tukampelekea Mama Justa wa jikoni, akatutengenezea kachumbari. Asiyekuwepo na lake halipo! Aliporudi alilitazama tuta, akatutazama sisi, akauliza kama angalau chumvi ilikolea.

Tangu mkewe Agnes afariki, hula chakula cha mchana karakanani peke yake. Muhula huu mzima alifungua mlango kila asubuhi, akafagia, akapanga viti, akasubiri. Ilitia simanzi kumwona.

Juzi alikabidhi ofisi. Funguo alimpa mkuu wa chuo, Bi Lightness. Nyundo zake ndogo za nakshi alizishika kitambo, akatazama huku na huku kama anayetafuta wa kumpa, kisha akazifunga kwenye kitambaa akaondoka nazo.

Asante, Mwalimu, kwa kazi na kwa uvumilivu wako juu ya ulafi wetu. Tunakuombea afya na shamba lenye neema huko Rondo. Zaidi ya yote tunakuombea hodi: mtu mmoja tu, siku moja, abishe mlangoni pako kuziulizia zile nyundo.