Mzee Radjabu na Kabati Lenye Paka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwachorea wateja samani katika karakana yetu hapa Gitega, Mzee Radjabu anastaafu tarehe 30 Juni na kurudi kwao Muyinga. Ametumia madaftari sitini na mawili, na rula moja aliyopewa kwa lazima.

Alimfuata mteja nyumbani, akatazama chumba na kuchora papo hapo. Dakika mbili zilimtosha. Kabati lilitoka limeinama kidogo, lakini vipimo viliandikwa pembeni ya mchoro, na mteja alikwishaliona limesimama sebuleni kwake. Alichora kila alichokiona, hata mjomba aliyesinzia kitini.

Ndipo yakatokea ya Muyinga. Bi Latifa, muuza vitenge, aliagiza kabati la harusi ya binti yake. Juu ya kabati la zamani alilala paka. Mzee akamchora naye, ila paka akaondoka kabla ya sikio la pili. Fundi wetu Crispin, ambaye haongezi wala hapunguzi kitu, alichonga kabati pamoja na paka mwenye sikio moja. Lilifunuliwa mbele ya wakwe, katika nyumba ya Kiislamu isiyoweka sanamu! Mzee Radjabu aliomba msumeno, akamkata paka mwenyewe kwa aibu.

Mkurugenzi alihamaki: ama rula, ama astaafu mapema. Kwa miezi mitatu mzee alichora makabati yaliyonyooka kama majeneza, na wateja waliyatazama hivyohivyo. Alikonda. Jamani, tulimhurumia.

Aliyemwokoa ni Bi Latifa mwenyewe. Alikuja kuagiza kitanda cha binti wa pili, akausukuma mchoro wa rula. "Direkteri, hii iko imekufa! Mi nataka ile ya mbiombio ya muzee. Paka nitamufukuza mi mwenyewe." Siku hiyohiyo mzee alirudishiwa daftari lake.

Juzi tulimwomba atuchore sote kwa ukumbusho. Alianza na vichwa, mara sahani za pilau zikapita. Pichani hatuna miguu, Crispin hana hata kifua, na mimi nimebaki leso machoni. Lakini kila anayeingia anatutambua.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya na mapumziko matamu. Ukipita Gitega, ingia utumalizie miguu.

Jeska, mapokezi