Ubeti wa Nne wa "Mkono Wenye Joto"

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja kwa sababu tu mliwahi kucheza nyimbo zake, poleni kwa kusimama juani. Mimi ni dada wa marehemu, mkubwa wake kwa miaka sita, na kwa kuwa wakubwa wengine wametangulia, kikao cha jana kimenipa mimi kazi ya kusoma wasifu. Mwanawe wa kwanza, yule mwalimu, aliniandikia ukurasa mmoja kwa mwandiko wa kupendeza, nimemshukuru na nimeuacha mezani, kwa sababu ndani yake mna uongo mmoja, na uongo wenyewe ni wangu, si wake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Wino, alizaliwa tarehe 3 Juni 1936, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, akiwa kitinda mimba wa watoto watano, na alizaliwa na sauti mbaya ambayo haikupona mpaka anakufa. Mama yetu alifariki Agosti 1942, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, nikatolewa shule nikiwa darasa la nne, nikawa namwogesha, namlisha, na namsindikiza mpaka mlango wa shule ileile niliyotolewa. Aliendelea hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1951 akiwa wa pili, na huyo aliyekuwa wa kwanza simjui wala sitaki kujulishwa.

Mwezi Januari 1953 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa nyuma ya posta, kazi yake kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja, kinyumenyume, na aliifanya kwa miaka thelathini na minane, vidole vyeusi hata siku ya harusi yake. Huko ndiko alikojifunzia utunzi, maana saa ya mapumziko wenzake walipokwenda kula yeye alibaki akipanga mistari ya nyimbo ndani ya kile kichuma cha kupangia, akisema kwamba mstari usioenea kwenye chuma hautaenea kwenye pumzi ya mwimbaji, na mwimbaji wake, tuliyemwita Koo, alikuwa na pumzi fupi kuliko maringo yake.

Santuri ya kwanza yenye maneno ya Wino ilirekodiwa tarehe 8 Agosti 1959, upande mmoja "Barua Haina Miguu," upande wa pili "Usinihesabie Siku," na kwa jumla aliacha santuri kumi na moja, yaani nyimbo ishirini na mbili, ambazo kwenye karatasi ya katikati jina la Koo liliandikwa kwa herufi kubwa na la kwake kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Nyimbo tisa za mwanzo nilizisikia mimi kabla ya mtu yeyote, nikiwa kwenye cherehani yangu, yeye amekaa kwenye gunia la vitambaa ananisomea, nami nikisimamisha mguu alijua neno ni bovu, analifuta bila kuuliza.

Tarehe 22 Desemba 1962 alifunga ndoa na wifi yangu, huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wiki moja baada ya harusi nilimwona Wino akipita mlangoni kwangu na daftari kwapani, nikavuta gunia karibu, nikapangusa vumbi, akaniambia, "Shikamoo dada, nakuja sasa hivi," akapitiliza moja kwa moja mpaka kwa dobi, na hiyo sasa hivi yake naingoja mpaka leo. Nyimbo kumi na tatu zilizobaki zilisomwa kwenye meza ya pasi, na la kuudhi zaidi ni kwamba zilikuwa bora.

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1964 Koo alikuwa anarekodi "Mkono Wenye Joto," Wino akabanwa na zamu kiwandani, akaniomba niwapelekee maneno studio, kile chumba kilichobandikwa magunia ukutani ili sauti isitoroke, naye akanisihi nisimwambie mke wake, alitaka ausikie kwanza redioni. Wimbo ulikuwa na beti tano, na upande wa santuri haukuchukua zaidi ya dakika tatu, fundi mitambo akasema mmoja lazima utoke, Koo akaniuliza, "Dada, Wino kasemaje?", nikasema Wino kasema ukatwe wa nne. Wino hakuwa amesema chochote. Ubeti wa nne ndio pekee uliomtaja mke, na ulipotoka, mkono wenye joto ukawa mkono wa yeyote, na watu wakijua nani alimlea Wino, ukawa wangu.

Tangu hapo nimeitwa jukwaani, nimevishwa shada, nimehojiwa redioni mara mbili, nami nikiulizwa kama wimbo ni wangu nilikuwa natazama chini kama mwali. Wifi aliniambia mwaka ule ule, tukianua nguo, "Wewe umepewa wimbo, mimi nimepewa mashati," nikamjibu kwamba kila mtu na bahati yake, wifi yangu. Wino alijua, maana Koo alimwambia, naye Wino akaja mpaka kwenye cherehani akasimama, akasema, "Sitamwambia mimi, nyumba itawaka. Utamwambia mwenyewe," nami nikasema nitamwambia kesho.

Mungu aliwajalia Wino na wifi watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu watatu, na wote nimewashonea sare za shule, hilo halihitaji shahidi. Alistaafu mwaka 1991. Alianza kuugua kifua Novemba 2015, madaktari wakisema ni mambo ya risasi ya kiwandani na moshi wa miaka mingi, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 28 Aprili 2017, na kila nilipokaa kitandani kwake, wifi akitoka kwenda kuchukua dawa, aliniuliza swali moja tu, "Umeshamwambia?", nami nikisema kesho, mpaka Jumanne tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, kesho zikamwishia.

Wifi, sikiliza, sitarudia. Karatasi ya ubeti niliichana siku ile ile ya studio, lakini wivu hausahau hata nukta:

Anaponyanyua pasi, mvuke humfunika,
Hana pupa, hana kasi, shati langu hutandika,
Na mimi wa wasiwasi, mikunjo yanitoweka,
Mke wangu, si libasi, ni mimi nimenyooka.

Huo ni wako, na wimbo wote ni wako, wa redio na warekebishe. Usidhani niliukata kwa kuwa ulikuwa mbovu, nimejisomea kwenye cherehani miaka hamsini na mitatu na mguu wangu haujapata neno la kusimamia, ni mzuri kuliko tisa zangu zote, na ndiyo maana niliukata. Ukitaka kuninunia una haki, ila uninunie baada ya mazishi, wageni hawajala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, ambao walimgeuza na kumfuta jasho bila kukunja uso, inawashukuru majirani waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliobaki, ambao naona vidole vyao bado havijatakata, na wanamuziki wote, hata Koo, ambaye amekuja na mkongojo na ameomba kuimba, tumemruhusu, mradi aimbe beti zote tano.

Kwa niaba ya familia sina la kuongeza. Kwa niaba yangu, pumzika sasa kwa amani, mdogo wangu, nimeshamwambia.