Kifua Hanywi Maji

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu mfupi, mbele ya kibanda changu cha kunyolea, na jana jioni lilikuwa halikaliki. Kifua, mchomelea vyuma wa karakana ya ng'ambo ya barabara, alikaa mwishoni akichezesha goti, benchi zima likitetemeka na kahawa kutumwagikia. Mkononi alizungusha ufunguo wa karakana. Bosi wake kamwambia wazi: kesho kuna mageti ya kumaliza, ukienda kwenye mashindano yako ya kutunisha misuli, ufunguo niachie leo kabla sijafunga. Na Kifua anataka misuli iwe ndiyo kazi, kuchomelea vyuma basi. Hakuna aliyetuuliza, lakini majibu tulikuwa nayo. Mteja wangu nilimwacha ndani kanyolewa upande mmoja, nikatoka, maana sipendi kupitwa.

Wa kwanza alikuwa Breki, fundi baiskeli, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna.

— Rudisha ufunguo, mdogo wangu! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe hukuziba, sasa jenga!

— Methali hiyo ni ya kuonya, nikamwambia.

— Imwonye nani? Ukuta si huu hapa?

Akampiga Kifua kofi la bega. Kifua akayumba. Hatukulitilia maanani.

— Napinga, akasema Rufaa, mwenye duka, ambaye hajawahi kukubali kushindwa. Kazi ni kitu ambacho ukiugua mtu anakushikia. Mimi nikiugua, shemeji yenu anakaa dukani. Huyu akiugua, nani atamtunishia?

— Atakodisha! akadakia Breki.

— Akodishe nini? akauliza Rufaa.

— Mwili! Bwana harusi mwembamba, picha inataka mtu. Tunaweka kichwa cha bwana harusi, mwili wa Kifua.

— Na picha zikiisha? aliuliza Babu Buli, muuza kahawa, bila kuinua macho.

Tukacheka. Kifua hakucheka. Goti likaongeza kasi.

— Nyinyi mnaona karibu, Rufaa akasema. Kila msuli auandikishe kama kiwanja. Mkono wa kulia na hati yake, wa kushoto na hati yake. Akifa, warithi wasigombane.

— Basi mimi naweka jina kwenye paja! akasema Breki.

Babu Buli akamimina kikombe, akamsogezea Kifua. Kifua akatikisa kichwa.

— Kocha kakataza. Tangu juzi hata maji sigusi, mpaka nishuke jukwaani. Ngozi inakauka, misuli inajitokeza.

Sauti yenyewe ilitoka kwa kukwaruza.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Breki.

— Anapunguza, Breki, nikamwambia. Hajazi.

— Kwani mnaona mchezo? Kifua akafoka ghafla. Miaka yote nawachomelea watu mageti. Hakuna anayeliangalia geti akauliza nani kalichomelea. Kule juu wananiangalia mimi!

Nilimwonea huruma, nikajifanya nanywa kahawa.

Hapo akatokea mama mmoja mshonaji, anasukuma mkokoteni wenye cherehani ya meza ya chuma. Gurudumu likatumbukia mtaroni, mbele yetu kabisa.

— Wanangu, nisaidieni.

— Mama una bahati! akasema Breki. Mtaa mzima hauna nguvu kama za huyu!

Sote tukamnyooshea Kifua kidole, hakuna aliyeinuka. Kifua akainuka, akashika, akavuta. Mkokoteni ukanyanyuka kidogo. Kisha akauachia, akakaa chini ukingoni mwa mtaro, uso umempauka. Niliogopa, nasema kweli.

Mama akamshika kidevu.

— Umekunywa maji lini, baba?

— Kesho, mama. Nikishuka jukwaani nakunywa.

— Haya. Na keshokutwa?

— Keshokutwa?

— Keshokutwa ukiamka, unakwenda wapi?

Kifua akamtazama Breki. Breki akamtazama Rufaa. Rufaa akamtazama Babu Buli. Babu Buli akainamisha buli, yakatoka machicha. Ng'ambo, bosi alikuwa ameanza kufunga milango ya karakana.

— Na mashine yangu bado iko mtaroni, mama akasema.

Tukainuka. Wote, na mteja wangu mwenye nusu ya nywele akatoka ndani kusaidia. Tuliinua tukihema, sisi wenye nguvu za midomo, mpaka gurudumu likatoka.

Nilipogeuka, Kifua alikuwa palepale chini. Goti limetulia. Mkono mmoja kaufumba kwenye ufunguo, mwingine umeshika kikombe cha maji alichopewa na Babu Buli, bado kimejaa. Bosi alikuwa anamwita kutoka ng'ambo, anamwita kwa jina lake halisi. Sisi wa benchi ndiyo kwanza tulikuwa tunalisikia.